Jeli ya Mahafali Isiondolewe

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo najua wengi watalicheka kabla hawajalisoma. Kamati ya chakula ya mahafali imetoa shauri kwamba mwaka huu jeli iondolewe katika orodha ya vyakula, na mahali pake zinunuliwe keki kutoka mjini. Sababu iliyotajwa ni moja tu, nayo ni kwamba mwaka jana jeli iliaibisha shule mbele ya wazazi. Mimi napinga shauri hilo kabisa.

Wali, nyama na mboga za siku ile hupikwa na wapishi wetu, nao twawashukuru. Soda huja katika makreti. Kitu kimoja tu mezani hutengenezwa na mikono ya wanafunzi wenyewe, nacho ni jeli. Tukiiondoa, basi siku ya kuwaonyesha wazazi yale tuliyojifunza kwa miaka minne, mezani hakutakuwa na kitu hata kimoja kilichotoka kwetu. Tena keki za mjini zitanunuliwa kwa michango yetu, na kila mtu ajua jinsi baadhi ya wazazi walivyohangaika kuituma michango hiyo.

Basi na tuitazame aibu yenyewe ya mwaka jana. Wakubwa zetu walitumia jelatini ya unga, wakaikoroga katika maji ya nanasi bichi, wakaimimina mabakulini na kuomba nafasi katika friji ya jirani. Mabakuli yalikaa humo usiku kucha. Asubuhi yalikuwa maji vilevile kama jana yake. Mabakuli mengine machache, yasiyotiwa nanasi, yaliganda vizuri na yakapinduliwa katika sahani saa saba mchana. Kabla hotuba ya mgeni wa heshima haijafika nusu, yalikuwa yametandaa sahanini kama uji. Mmoja akalaumu friji, mwingine akalaumu umeme. Nilimsikia mtu mzima kabisa akisema kwamba aliyekoroga ana mkono mzito. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo Mwalimu wa Kemia angeliuliza kwanza: kitu hiki kimetengenezwa na nini, na huganda kwa njia gani?

Jelatini ni protini. Hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, hasa nguruwe na ng'ombe. Katika maji ya moto kamba zake nyembamba zisizoonekana kwa macho huelea ovyo, kila moja peke yake. Maji yakipoa, kamba hizo hujisokota na kushikana zikafanya wavu, na maji hunaswa ndani ya matundu ya wavu huo. Hiyo ndiyo jeli. Lakini wavu wa jelatini ni dhaifu mbele ya joto. Huanza kulegea kabla ya nyuzi 30 za sentigredi, na kufika nyuzi 35 umekwisha kuyeyuka. Ndiyo sababu jeli hiyo huyeyuka kinywani kwa utamu ule tunaoujua, maana mwili wa binadamu una nyuzi 37. Sasa fikiri: hapa kwetu pwani, saa saba ya mchana, chini ya turubai lenye watu mia moja na zaidi, joto ni nyuzi ngapi? Sahani haina tofauti kubwa na kinywa. Jeli ile ilifanya kama ilivyoumbwa kufanya.

Na nanasi? Hapa ndipo mama zetu walipotutangulia wasomi. Mama wa pwani akipata nyama ngumu ya mishikaki huipaka papai bichi lililopondwa, akaiacha kidogo, nayo hulainika. Papai lina kimeng'enya kinachokata protini vipande vipande. Nanasi bichi nalo lina chake kinachofanya kazi ileile, na tangawizi mbichi vivyo hivyo. Sasa mtu aliyekwisha kuona papai likilainisha nyama atashangaa nini akiona nanasi likikatakata jelatini? Zote mbili ni protini. Unaweza kuiweka jeli hiyo katika friji mwezi mzima, haitaganda. Dawa yake ni ndogo: lichemshe nanasi dakika chache kwanza, maana moto huua nguvu ya kimeng'enya. Nanasi la kopo halina madhara kwa sababu limekwisha kupikwa kiwandani. Lakini jambo hili dogo halikuwamo vichwani mwa watu waliokuwa wakisoma Biolojia kwa bidii ya kufaulu mtihani, wakachora na michoro ya vimeng'enya madaftarini.

Shauri langu basi ni kwamba jeli ibaki, jelatini iondoke. Badala yake tutumie agari, ile ambayo maduka mengi ya pwani huiuza kwa jina la chaina grasi, na ambayo wapenda faluda wameila miaka mingi bila kuuliza jina lake. Ni unga au nyuzi kavu nyeupe zinazotokana na aina fulani za mwani mwekundu. Si protini, ni jamaa ya sukari na wanga, kwa hiyo nanasi bichi na papai haviidhuru. Na tabia yake mbele ya moto ni ya ajabu. Ili iyeyuke hapana budi maji yachemke hasa. Ikipoa huganda kati ya nyuzi 32 na 40, yaani juu ya meza tu, bila friji wala barafu. Lakini ikiisha kuganda hairudi kuwa maji mpaka uipeleke karibu na nyuzi 85. Mlango iliotokea siyo mlango wa kurudia. Hakuna jua la Tanga wala la Mtwara litakaloyeyusha kitu hicho, hata mgeni wa heshima akihutubu mpaka magharibi.

Nitaeleza kisa kimoja ambacho ningependa kila anayedharau mambo ya jikoni akisome. Mwaka 1881, katika Ujerumani, daktari mmoja jina lake Walther Hesse alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch, yule bingwa wa vijidudu. Wakati huo walikuwa wakiotesha bakteria juu ya jelatini, na walisumbuka kama walivyosumbuka wakubwa zetu: wakati wa joto jelatini iliyeyuka, na bakteria wengine waliila na kuigeuza maji. Mkewe, Fanny Hesse, ndiye aliyekuwa akimsaidia mumewe na kumchorea picha za kazi yake. Hesse alimwuliza inakuwaje jeli zake za nyumbani zinasimama imara hata siku za joto. Bibi akamjibu kwamba yeye hutumia agari. Siri hiyo aliipata ujanani mwake huko New York, kwa jirani Mholanzi aliyekuwa amekaa Java, ambako watu wameizoea siku nyingi. Wakaijaribu maabarani, ikafaa. Mwaka 1882 Koch alipotangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, aliitaja agari katika maandishi yake, ila hakumtaja yule bibi. Mpaka leo hospitalini wataalamu wakitaka kujua ni kijidudu gani kimemwingia mgonjwa, hukiotesha juu ya agari katika visahani. Elimu hiyo ilitoka katika bakuli la jeli. Mimi kisa hiki nilikisoma mara mbili, na tangu hapo sijali tena nikiitwa Bwana Jeli bwenini. Hata hivyo, mbona halua pwani hukorogwa na wanaume, nao hawachekwi na mtu?

Watu wengine walikwisha kuijaribu agari wakaichukia, wakisema ni ngumu kama raba, au imejaa punje, au imekwama katika bakuli. Malalamiko yote matatu ni ya kweli, na yote matatu yana sababu.

Ugumu hutokana na kutopima. Kwa lita moja ya maji na vitu vyote vya majimaji, gramu 8 za unga wa agari zatosha kwa jeli ya kulia kikombeni, na gramu 10 kwa jeli itakayopinduliwa isimame peke yake. Ukitia 20 ukapata raba, shauri yako. Kijiko hakiaminiki, kwa sababu unga wa duka hili ni mwepesi na wa duka lile ni mzito. Mizani ipo katika maabara ya Kemia. Naomba tu watu wapimie juu ya karatasi safi iliyotoka dukani, wala wasithubutu kuchukua vyombo vya maabara na kuvipeleka jikoni. Katika vyombo vile vimepita vitu ambavyo sitaki kuvitaja karibu na chakula.

Punje hutokana na haraka. Unga wa agari hutiwa katika maji baridi kwanza, ukakorogwa, ukaachwa kidogo unywe maji, ndipo sufuria liwekwe motoni. Zile nyuzi hukatwa na kuloweshwa nusu saa. Yakichemka, endelea kukoroga kwa moto wa wastani dakika tatu au nne, kisha inua mwiko na kutazama mgongo wake: ukiona chembe zinazong'aa, bado. Sukari itiwe baada ya agari kuyeyuka, maana sukari ni mlafi wa maji, ikitangulia huinyima agari maji yake. Maji ya matunda nayo yasitiwe yakiwa baridi kama yametoka mtungini. Yapashwe moto kidogo, ama sivyo agari itashtuka na kuganda mabonge mabonge ndani ya sufuria. Ndimu na ukwaju hutiwa mwisho, sufuria likiisha kuepuliwa, kwa sababu uchachu ukichemshwa pamoja na agari huikatakata na kuidhoofisha.

Kabla ya kumimina, dondosha kijiko kimoja katika kisosi baridi na kungoja. Baada ya dakika chache isukume kwa kidole. Ikijikunja kama ngozi na kushikana, mimina. Ikiwa legelege, ongeza agari kidogo iliyochemshwa mbali. Na hapa ndipo agari inapoishinda jelatini tena: hata ikiwa imekwisha kuganda vibaya, waweza kuirudisha motoni, ukaiyeyusha na kuisahihisha saa nzima kabla ya wageni.

Kuhusu kukwama, yafaa nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huharibu kazi ya asubuhi nzima kwa nusu dakika. Kalibu nzuri ni ile yenye kuta zinazopanuka kuelekea juu, isiyo na mikunjo mingi. Mabakuli yetu ya aluminiamu yafaa sana, na vikombe vya plastiki pia. Suuza kalibu kwa maji baridi na kuimwaga, usiifute. Utando ule mwembamba wa maji unaobaki ndio utakaozuia jeli isiambatane na chombo. Jelatini hutolewa kwa kuichovya kalibu katika maji ya moto kiasi cha kuhesabu mpaka tano, nayo ngozi yake ya nje huyeyuka ikateleza. Mtu aliyezoea njia hiyo huichovya na agari hivyo hivyo, akaona haitoki, akaichovya tena, mwisho akaingiza kisu na kuiumiza. Lakini tumekwisha kusema kwamba agari haiyeyuki mpaka nyuzi 85. Maji yale yatayeyusha nini? Kinachoishika agari ndani ya kalibu ni hewa iliyokosa njia. Tumia ncha ya kidole, uivute ukingo wake polepole kuelekea katikati, kuzunguka pande zote, mpaka uone hewa ikiingia chini. Funika kwa sahani, pindua vyote pamoja kwa mara moja, tikisa mara moja kwa nguvu, nawe utasikia mlio mdogo wa jeli ikiketi. Sahani iwe imeloweshwa kidogo, ili jeli ikiketi pembeni uweze kuisogeza katikati.

Wanaotaka rangi mbili au tatu wajue kwamba tabaka la pili humiminwa lile la kwanza likiwa limefanya ngozi tu, likitetemeka bado chini. Ukingoja ligande kabisa, matabaka hayatashikana, na ukikata, moja litateleza juu ya jingine. Tui la nazi nalo lina hila yake: ukilimimina likiwa moto sana, mafuta hupanda juu na kuacha maji chini. Wengine huipenda sura hiyo. Asiyeipenda na akoroge taratibu mpaka uji uanze kuwa mzito, ndipo amimine.

Sitaki kuisifu agari kupita kiasi. Haiyeyuki kinywani, hukatika kwa meno, na mtu aliyezoea jeli ya jelatini ataona tofauti. Tena ikilala mpaka kesho hutoa jasho, maji yakakusanyika sahanini, kwa hiyo hapana budi itengenezwe asubuhi ya siku ileile. Mwenzetu atokaye Njombe aliniambia kwamba kwao mwezi wa Juni jelatini huganda usiku juu ya dirisha bila shida, nami namsadiki. Akae nayo huko huko kwenye baridi. Sisi tupo pwani, na friji si yetu.

Lipo jambo jingine, na kwangu ni kubwa kuliko joto. Mwaka jana nilihesabu meza yetu: tulikuwa kumi, na wanne hawakugusa jeli. Pakiti iliandikwa jelatini, basi. Haikusema ni ya mnyama gani. Wenzetu Waislamu waliisogeza sahani pembeni kwa adabu, na Msabato mmoja akafanya vivyo hivyo. Najua ipo jelatini ya ng'ombe iliyochinjwa kwa sheria na kuandikwa hivyo, lakini ile haikuwa na maandishi hayo. Ilikuwa siku yao kama ilivyokuwa yetu, na michango yao ilikuwa sawa na yetu. Kamati ilizungumza habari za aibu mbele ya wageni dakika arobaini, na habari za wale wanne haikuzizungumza hata dakika moja. Agari hutoka baharini, na watu wote wa meza ile wangeila.

Kwa kuwa nimeitaja bahari, niseme na neno juu ya mwani wetu, maana rafiki yangu mmoja amekwisha kuniuliza kwa nini tununue agari dukani na hali mwani umejaa pwani. Mama yangu mkubwa hulima mwani Unguja, upande wa mashariki, ambako kilimo hicho kilianza mwaka 1989 kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Nimekwenda naye maji yakitoka, nikamwona akiifunga miche katika kamba zilizonyoshwa kati ya vigingi, jua likimpiga mgongoni na maji ya chumvi yakimla miguu. Mwani ule hautoi agari. Hutoa kitu cha jamii yake kiitwacho karajini, nacho pia hugandisha vyakula. Aina moja, waiitayo kotonii, hutoa jeli imara, na aina ya pili, spinosamu, hutoa jeli laini. Bahati mbaya kotonii haivumilii bahari ikipata joto, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikiwafia wakulima, wakabaki wengi na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Sehemu kubwa hukaushwa, ikafungwa magunia na kusafirishwa ng'ambo kusafishwa huko. Wapo akina mama huko Unguja waliokwisha kuanza kuugeuza mwani wao kuwa sabuni na vitu vingine badala ya kuuza gunia tupu. Mama mkubwa alipoona unga wa agari nilionunua, pakiti ndogo kama kiganja, aliuliza bei, kisha akanyamaza. Ningependa sana wenzangu wa mchepuo wa sayansi walifanye jambo la kuchemsha na kuchuja mwani kuwa kazi yao ya majaribio mwakani, lakini kwa mahafali haya muda hautoshi, nasi tutumie agari ya dukani.

Kuhusu gharama, kamati isikisie, ipige hesabu. Tukiwa watu 160 pamoja na wageni, na kila mtu akipata kikombe kidogo cha mililita 100, twahitaji lita 16. Kwa gramu 10 kila lita, agari yote ni gramu 160. Jelatini ya kupinduliwa yataka gramu 20 hadi 25 kwa lita, yaani 320 hadi 400 kwa kazi hiyohiyo, na juu yake friji la kuazima. Matunda tunayo, na sukari hupimwa ghalani kila juma.

Naiomba kamati isipige kura kabla ya kuona kwa macho. Jumamosi ijayo, baada ya usafi, watupe ruhusa ya jiko kwa saa mbili. Tutatengeneza kalibu mbili, moja ya jelatini iliyotoka katika friji na moja ya agari iliyoganda mezani, zote mbili za nanasi lililochemshwa ili pasiwe na hila. Saa sita zitapinduliwa na kuwekwa nje ya bwalo, kivulini, Mwalimu wa zamu akishika kipimajoto. Saa nane wajumbe waje na vijiko vyao.